Kabla ya Kumwaga Zege la Tangi la Maji

Zege lililokomaa huonekana jiwe tupu, kumbe saruji iliyomo imejaa vitundu. Vile vidogo kabisa, vya nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), huzaliwa saruji inapoungana na maji, na hakuna fundi awezaye kuviondoa. Wala havina ubaya: maji yaliyomo hunatana na kuta zake, hayatembei kirahisi, na hata kiangazi hayatoki yote. Kinachovujisha tangi ni vitundu vikubwa zaidi, vinavyobaki pale palipokuwa na maji ya ziada wakati wa kuchanganya. Vikiungana vinakuwa njia.

Basi hesabu ya maji ifanyike kabla saruji haijafunguliwa. Mfuko wa kilo 50 hutumia takriban lita 11.5 kuungana na maji kikamilifu, na lita 9 hadi 10 nyingine hushikwa ndani ya vile vitundu vidogo. Jumla ni kama lita 21. Zege la namna hiyo ni gumu kulisambaza, kwa hiyo kwa tangi kikomo kiwe lita 25 kwa mfuko, yaani uwiano wa maji kwa saruji, kwa uzito, wa 0.5. Mtafiti Mmarekani T. C. Powers na wenzake walionyesha mwaka 1959 kwamba kwa uwiano huo njia hukatika baada ya wiki mbili hivi za unyevu. Kwa 0.6 inachukua kama miezi sita, ukizidi 0.7 hazikatiki kamwe. Ndiyo maana ndoo moja ya "kulainisha" inayoongezwa saa kumi jioni, vibarua wamechoka, ina madhara makubwa kuliko kosa lolote la plasta.

Mchanga nao hubeba maji. Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto), mfuko mmoja huenda na mchanga wa kilo 80 hivi. Ukiwa na unyevu wa asilimia 5, tayari kuna lita 4. Mimina lita 21 tu, si 25. Mchanga wa ufukweni uachwe kabisa: chumvi yake huyeyuka katika maji ya vitundu na kuzifikia nondo. Maji hayo kwa kawaida yana ualkali mkali, pH (kipimo cha asidi na ualkali) zaidi ya 12.5, unaoilinda nondo isishike kutu, lakini chumvi huuvunja ulinzi huo. Andaa pia vipande vya zege vya kutenga nondo na ubao, vya milimita 40 au zaidi.

Vibreta, mashine ya kutikisa zege lishikamane, iwe imejaribiwa na mafuta yapo. Mapovu ya hewa na mashimo kati ya kokoto ni tatizo jingine, ila maji hayabagui njia.

Maji ya kumwagilia yawepo siku hiyo hiyo, pamoja na magunia au nailoni ya kufunikia, ya kutosha siku 14. Unyevu ndani ya vitundu ukishuka chini ya asilimia 80, saruji karibu huacha kuungana, na njia hubaki wazi hata kama ulipima maji kwa uangalifu. Kumwagilia asubuhi na jioni huku jua la mchana likipiga zege tupu hakutoshi.

Panga jaribio mapema. Jaza taratibu, usizidi mita 2 kwa siku, kisha uache angalau siku 7 zege linywe. Baada ya hapo pima kina kwa siku 7 nyingine. Weka ndani ndoo yenye maji, ielee, ili ujue mvuke umechukua kiasi gani, kisha utoe kiasi hicho kwenye upungufu uliopima. Tangi la kina cha mita 2 lisipungue zaidi ya milimita 4. Utando mweupe ukitokea nje, ni chokaa iliyobebwa na maji yaliyopenya ukutani. Weka alama ya chaki mahali hapo. Nyufa nyembamba, za milimita 0.1 hivi, mara nyingi hujiziba zenyewe kwa chokaa hiyo hiyo. Plasta ya ndani isubiri hadi jaribio liishe, la sivyo itaficha mahali panapovuja.