Kufunga dishi Kigoma: jua kwanza satelaiti iko wapi

Ukiwa Kigoma na dishi la Azam, usianze kulizungusha huku mtoto aliyeko sebuleni akikupigia kelele "bado! bado!" Jua kwanza kitu unachokitafuta kiko wapi. Mimi nafunga madishi Ujiji, Mwanga na Gungu, na kazi inayomlaza mtu juu ya bati mchana kutwa huisha mapema akishalielewa jambo hilo moja.

Chaneli za Azam hushuka kutoka nyuzi 7 Mashariki, juu ya mstari wa Ikweta, kimo cha kilomita 35,786. Kwa kimo hicho satelaiti huizunguka Dunia kwa muda uleule ambao Dunia hujizungusha, ndiyo maana huonekana imesimama na dishi halina haja ya kuifuata. Mojawapo ya zilizopo hapo ni Eutelsat 7C. Iliagizwa mwaka 2016 na kuundwa Marekani. Satelaiti ya namna hii, kabla haijaondoka kiwandani, hutikiswa kwa nguvu kama za roketi, kisha hufungiwa kwenye chumba kisicho na hewa, ipashwe joto na kupoozwa, maana huko juu hakuna fundi wa kuifuata na spana. Ilirushwa tarehe 20 Juni 2019 kwa roketi ya Ariane 5 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Kourou iko nyuzi 5 kaskazini mwa Ikweta, sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini. Karibu na Ikweta mzunguko wa Dunia huipa roketi kasi ya bure. Roketi ilipoiachia, 7C ilijipandisha taratibu kwa injini za umeme kwa takriban miezi 6, ikaanza kazi Januari 2020. Nikiifikiria kazi yote hiyo, siwezi kukubali nyumba ikose picha kwa sababu ya nguzo iliyoinama.

Basi anza na nguzo. Isimike wima, uipime kwa pimamaji pande mbili. Ikiinama, namba zilizochongwa nyuma ya dishi hazikusaidii kitu.

Kwa Kigoma mjini, weka kimo (yaani kiasi dishi linavyotazama juu) nyuzi 63 na uelekeo nyuzi 281 za dira, yaani magharibi, kaskazini kidogo. Ukiwa Mwanga, huo ni upande wa ziwa na milima ya Kongo. Dira isomee mbali na bati na nguzo ya chuma. Usinakili namba za shemeji yako wa Tabora, kwake kimo ni nyuzi 59. Na uso wa dishi utaonekana kama unatazama chini ya nyuzi 63. Usibishane nao, limeundwa lipokee kwa mshazari. Fuata namba za kwenye kishikio.

Miti ndiyo inayotusumbua hapa, miembe na michikichi. Kuna siku jua lenyewe hukuonyesha njia. Tarehe 22 Machi hivi, saa 8 na dakika 55 mchana, na tarehe 21 Septemba hivi, saa 8 na dakika 40, jua hupita palepale ilipo satelaiti. Saa hiyo nyoosha mkono mahali unapotaka dishi likae. Mkono ukiwa juani, njia ni nyeupe. Ukiangukiwa na kivuli cha mwembe, sogea hata hatua mbili, upime tena. Siku hizohizo picha hukatika kwa dakika chache, kwa kuwa mawimbi ya jua huzima yale ya satelaiti. Mzee mmoja wa Gungu alinipigia, "Mwanangu, king'amuzi kimekufa." Nikamwomba asubiri kidogo, na picha ikarudi yenyewe.

Sasa tafuta. Dishi linalotazama juu hivi, ukilizungusha nyuzi 2 kwenye nguzo, mahali linapolenga angani husogea chini ya nyuzi 1 tu. Kwa hiyo kushoto na kulia zungusha bila woga, ila kimo kiguse kwa nusu nyuzi, kisha usubiri king'amuzi kisome. Kwenye skrini angalia ubora wa mawimbi, siyo nguvu yake. Nguvu hupanda hata dishi likitazama ukuta.

LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, huwa inasahaulika. Michoro mingi ya kwenye maboksi huionyesha imesimama wima, lakini kwetu karibu na Ikweta hukaa imeinama sana, karibu kulala ubavu. Ilegeze, izungushe polepole kila upande, uikaze pale ubora ulipofika juu kabisa.

Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, macho yakiwa kwenye ubora, maana kukaza huvuta dishi. Konekta ivishe mpira, na waya uuache uning'inie kidogo kabla ya kuingia ndani ili maji yadondokee nje. Mvua kubwa ya masika itakata picha hata kwa dishi lililofungwa vizuri. Subiri ipite, usipande kugusa kitu. Kabla radi hazijaanza kupiga, chomoa waya wa dishi pamoja na wa umeme.