Onyo la pete kwenye kopo la krimu

Kabla ya kununua krimu ya kung'arisha ngozi, geuza kopo usome maandishi madogo. Ukikuta calomel, mercurio au mercuric, hiyo ni zebaki, nayo huharibu figo. Ila watengenezaji wengi wajanja hawaiandiki kabisa. Hapo tafuta onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini. Zebaki hushikana na metali hizo ikaziharibu, ndiyo maana wanaihurumia pete yako kuliko uso wako! Kopo lisilo na orodha ya viambato, liache hapohapo.

Umeshaitumia? Acha, ifunge ndani ya mfuko, na usichangie taulo na mtoto, kwani zebaki huhamia humo. Kisha mwone daktari, aagize kipimo cha mkojo.