Pampu ya maji kuwa mashine ya umeme: anza na mto, duka baadaye

Pampu ya kawaida ukiipitishia maji ya mto kinyume inazungusha mota yake na kutoa umeme. Ila wengi wananunua pampu kwanza ndo wanaenda kuangalia mto, hapo hela inaliwa bure jamani. Pima maji, tena kiangazi mto ukiwa mdogo kabisa, elekeza yote kwenye pipa la lita 200 ukiangalia saa, likijaa kwa sekunde 20 una lita 10 kwa sekunde. Kimo, yani urefu maji yanaoshuka toka yanapochukuliwa mpaka kwenye mashine, pima kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, unashuka nao kidogo kidogo mpaka pale mashine itakapokaa. Zidisha lita za kila sekunde kwa mita za kimo halafu mara 5, hizo ndo wati zako kwa makadirio, yani lita 10 na mita 20 ni kama wati 1000.

Sasa pampu yenyewe. Chukua ya sentrifugo (inayosukuma maji kwa gurudumu linalozunguka ndani) ya kawaida iliyoungana na mota ya fezi tatu, sio ya kuzamisha kisimani wala yenye valvu ya kuzuia maji kurudi. Maji yanaingilia kule yanakotokeaga na kutokea kule inakovutia, inazunguka kinyume. Na hapa ndo watu wanapotea: ikifanya kazi hii inataka maji mengi na kimo kikubwa kuliko kilichoandikwa kwenye kibati chake, so kwa mfano wetu usinunue ya lita 10 mita 20, nunua ya kubiki (mita za ujazo) 24 hivi kwa saa, kimo mita 11. Fungua uangalie impela, lile gurudumu la ndani, kama imekazwa kwa nyuzi za skrubu mzunguko wa kinyume unaweza kuilegeza, ipake gundi ya bolti.

Mota inakuwa jenereta ila bila kapasita haitoi kitu, ziwe za kukaa kwenye mota muda wote, sio za kustatia tu. Mwite fundi umeme hapa, umeme huu nao unaua. Na kontrola ya mzigo usiiache eti unabana hela, mkizima taa mashine inapaa spidi, volti zinapanda, tv za watu zinaungua, yenyewe inachofanya ni kupeleka umeme uliozidi kwenye hita ya maji ili mzigo usibadilike.

Bomba liwe pana maana jembamba linakula kimo, juu weka chujio la majani, koki funga polepole sana, ukifunga ghafla bomba linapasuka. Pampu haina milango ya kurekebisha maji kama tabaini halisi (mashine iliyotengenezwa kuzungushwa na maji), maji yakipungua nusu umeme unaweza kukata kabisa, ndo maana nikasema pima kiangazi.