Kupima kasi ya grini ya gofu na kuipandisha bila kuua majani

Mgeni akishatazama US Open ya gofu kwenye televisheni, huja kwetu Unguja akitaka grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, za futi 13: yaani mpira ukiteremshwa kwenye ufito wa kupimia, ubiringike futi 13. Vilabu vingi vya kawaida hukaa kwenye 9 au 10, na vipimo vya Marekani vya mwaka 1977 vilitoa wastani wa futi 6 na nusu tu. Hapa pwani mimi sipandi zaidi ya 9.

1. Tafuta stimpmita: ufito wa aluminiamu wa inchi 36, wenye mfereji na kishimo cha kuwekea mpira. Edward Stimpson alibuni ya kwanza mwaka 1935, ya mbao.

2. Pima asubuhi, majani yakishakatwa na umande umekauka. Alasiri huwa yameshakua kidogo. Chagua pahala tambarare. Weka mpira kwenye kishimo, inua ufito taratibu mpaka mpira uteremke wenyewe. Usiutikise. Teremsha mipira mitatu. Ikisimama mbalimbali zaidi ya inchi 8, rudia. Kisha pima kinyume, kwa mstari uleule. Kwenda futi 9, kurudi 8: kasi ni 8 na nusu.

Tafauti ikizidi futi moja na nusu, hapo pana mteremko, hamia pengine. Kama grini yote imelala upande, zidisha kwenda kwa kurudi, kisha mara 2, ugawe kwa jumla yao. Kushuka 12, kupanda 6: 144 gawa kwa 18, unapata 8. Wastani wa kawaida ungekwambia 9, na ungejisifu bure.

3. Ukitaka kasi, anza na rola, gogo zito la kukandamiza majani. Inapandisha bila kugusa urefu wa majani.

4. Kisu cha mashine ya kukatia kishushe mwisho, na kidogo kidogo. Paspalamu, aina ya majani ambayo wengi pwani tunaipanda kwa kuwa inastahamili maji ya chumvi, naikata milimita 3 na nusu hivi. Wakati wa masika naipandisha: mawingu yakitanda siku nyingi, jani fupi halipati jua la kutosha, na grini huanza kutoka vipara. Hapo mgeni atalalamika, na mwache alalamike.

5. Tandaza mchanga mwembamba, mara nyingi lakini kidogo. Ule wa ufukweni usiuguse. Umejaa chumvi na chembe za matumbawe. Siku za mwanzo kasi itashuka, kisha mchanga ukishazama mpira utakwenda vizuri kuliko awali.