Namna ya Kuisoma Picha ya Zamani ya Darasa

Picha ya zamani ya darasa husomwa kuanzia miguuni. Wengi wetu hukimbilia nyuso, tukamtafuta mama au mjomba, na tukishampata tunairudisha picha kabatini. Nakuomba ufuate njia nyingine: anza ukingo wa chini, kisha upande taratibu hadi juu, kwa kuwa chini ndiko hali ya nyumbani inakoonekana na juu ndiko nchi inakojitangaza.

Nina picha ya mama yangu iliyopigwa mwaka 1971 katika shule moja ya msingi ya Eastlands, hapa Nairobi. Safu ya mbele imeketi chini, watoto tisa. Watano ni pekupeku, watatu wamevaa akala zilizokatwa kutoka matairi, na mvulana wa mwisho kulia hakukunja miguu kama wenzake, bali ameinyoosha ili viatu vyake vya ngozi vionekane vizuri. Mama amesimama safu ya pili, nusu ya mwili ikiwa nyuma ya rafiki yake. Kwa miaka mingi nilidhani ni haya za utotoni, mpaka aliponieleza kwamba sweta alilovaa lilikuwa la dada yake, lina kiraka kiwikoni, naye hakutaka kiraka kile kiingie katika picha.

Baada ya viatu, kwa hiyo, chunguza sare. Tazama urefu wa mikono ya sweta, kola zilizogeuzwa upande wa ndani baada ya kuchakaa, na vifungo visivyolingana. Sare ilikusudiwa kuwafananisha watoto wote, na kwa sababu hiyo hiyo tofauti ndogo haifichiki.

Pandisha macho sasa hadi kwa walimu, ambao kwa kawaida huketi kwenye viti, mwalimu mkuu akiwa katikati. Kabla ya uhuru, shule za Nairobi zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Shule iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa jina la Prince of Wales leo ni Nairobi School, na ile ya Duke of York, iliyoanza mwaka 1949, ni Lenana School. Ukipata picha ya miaka ya sitini kutoka shule iliyokuwa ya Wazungu, hesabu watoto Waafrika, halafu uulize wazazi wao walifanya kazi gani. Bendera ilikuwa imekwisha kubadilika, lakini karo ya shule hizo ilibaki juu sana, hata ubaguzi wa rangi ukaachia nafasi ubaguzi wa mfuko. Jambo hili, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote ambayo picha hizi zinatufundisha.

Juu kabisa, tafuta mlingoti wa bendera na, iwapo picha ilipigwa ndani, sura ya rais ukutani: Kenyatta hadi mwaka 1978, Moi kuanzia hapo hadi 2002. Pakiti ya pembetatu mkononi mwa mtoto huenda ni ya Maziwa ya Nyayo, maziwa ya bure ya wanafunzi wa shule za msingi, yaliyoanza kugawiwa mwaka 1979.

Uishike picha kwa kingo zake, na majina uyaandike nyuma kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino. Ikiwa imegandia kwenye albamu usiibandue. Ipige kwa simu kando ya dirisha, bila mwanga wa kamera.

Hatimaye keti na mwenye picha, umuulize ni nani hayupo. Kila nakala ililipiwa, kwa hiyo hata nyumba zilizobaki na picha hadi leo ni zile zilizokuwa na senti za ziada. Nilipomuuliza mama, alitaja upesi wasichana wawili waliokuwa wakikaa dawati moja naye. Mwaka ule karo bado ilidaiwa katika madarasa yote, kwani ya darasa la kwanza hadi la nne ilifutwa mwaka 1974, na asubuhi ya picha wasichana wale walikuwa wamerudishwa nyumbani. Majina yao nimeyaandika nyuma ya picha, chini ya majina ya waliomo.