Umebuni mashine ya kukuna nazi? Soma hapa kabla hujalipia hataza

Nimekaa na mafundi wengi na kosa ni lilelile kila mara. Mtu anaumiza kichwa miezi, anatengeneza mbuzi ya umeme nzuri kabisa, anaingia Google anaandika jina la kitu chake, haoni kinachofanana, basi anafurahi anasema duniani hakuna. Hapo ndo pesa inaanza kupotea, kwa sababu hataza (wengine mnaita patenti, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya alichobuni) inataka kitu kiwe kipya dunia nzima, sio kipya Tanga au Malindi tu, na aliyekibuni kabla yako huenda hakukiita hata "mashine ya nazi", ameandika kifaa cha kuparuza nyama ya tunda gumu kwa kichwa kinachozunguka. Ukitafuta kwa jina humpati huyo mtu, unampata kwa namba ya kundi.

Sasa hizo namba ni nini. Kuna mpango wa kimataifa wa kupanga uvumbuzi wote, unaitwa IPC, ulitokana na mkataba wa Strasbourg wa mwaka 1971 na unasimamiwa na WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu, kule Geneva. Wameugawa uvumbuzi wote wa binadamu kwenye herufi nane, A mpaka H: A ni mahitaji ya binadamu (chakula, kilimo, nguo, tiba, michezo), B ni kazi za viwandani na usafirishaji, C kemia na madini, D nguo na karatasi, E ujenzi, F injini, majiko, taa na silaha, G fizikia, H umeme. Alafu kuna mpango mwingine mpana zaidi unaitwa CPC, wa Ulaya na Marekani, ulianza kutumika Januari 2013, umejengwa juu ya huohuo IPC ila una vyumba vingi zaidi na herufi moja ya ziada, Y, ambako wanaweka mambo yanayokata makundi mengi kama teknolojia za mabadiliko ya tabianchi.

Ili uone inavyofanya kazi chukua nazi moja tu. Kifaa cha kukwea mnazi kiko A63B 27/00, na A63B ni vifaa vya mazoezi na michezo! Nani angefikiria akakitafute huko, lakini kupanda ni kupanda, mpangaji haangalii kama unapanda kwa starehe au kwa kutafuta riziki. Mashine kubwa ya kufua nazi au kuivunja, A23N 5, na humo ndani kuna 5/03 ya nazi kabisa. Ya kukuna nyumbani, A47J 43/25, vifaa vya kukwaruzia chakula. Kukamua mafuta unahamia C11B. Kamba ya makumbi D07B. Na makuti yetu haya ya kuezekea yana chumba chake, E04D 9/00, paa za majani. Mti mmoja umepita A, C, D na E.

Umeona hapo wanaangalia nini? Kitu kinafanya kazi gani, na kinaifanyia wapi. Mfano mzuri ni vali: vali ya kawaida ya bomba iko F16K, vali ya moyo wa mtu iko A61F 2/24, umbo linaweza kukaribiana ila kazi ni mbili tofauti. Kwa nazi ni hivyohivyo, A47J ni vyombo vya jikoni, A23N ni mashine za kushughulikia mazao mengi kwa mkupuo, kwa iyo kama mashine yako inaweza kukaa jikoni kwa mama na pia kwenye kiwanda cha tui, usichague, tafuta kote kuwili.

Haya, unaanzaje. Kwanza kaa chini andika sentensi moja ya kitu chako bila kutaja jina lake, kinapokea nini, kinafanya nini, kinatoa nini. "Kinashika nusu ya nazi na kuikwaruza kwa meno yanayozungushwa na mota, machicha yanadondoka chini." Usiruke hii hatua, ndo inayobeba kazi yote. Alafu ingia Espacenet, hifadhi ya hataza mtandaoni ya ofisi ya hataza ya Ulaya, ni bure, ina nyaraka zaidi ya milioni 100, andika maneno ya Kiingereza ya ile sentensi yako, hilo neno "kukuna" lijaribu kwa maneno matatu manne tofauti (grating, scraping, rasping, shredding). Hapo hutafuti jibu bado, unatafuta hataza moja au mbili zinazofanana na kitu chako. Ukizipata fungua ukurasa wa kwanza, angalia penye (51), hizo ndo namba za IPC, na penye (52) mara nyingi ndo CPC. Kopi zote, hata zile zinazoonekana hazihusiani, maana hataza moja inaweza kuwa na namba tano na ile ya nne ndo ikawa yako.

Ukishazipata nenda kwenye orodha ya makundi (Espacenet wanayo, WIPO pia wanayo) usome maelezo ya kila namba. Hapa watu wanateleza, nisikilize vizuri. Namba baada ya mkwaju (/) haisomwi kama hesabu ya kawaida, 43/044 haiko mbali baada ya 43/25, iko palepale baada ya 43/04. Na nani mtoto wa nani inaonyeshwa na vinukta vya mbele ya maelezo, sio urefu wa namba, kwa iyo panda juu mpaka kichwa cha familia ndo uelewe maana kamili. Soma na zile tahadhari zinazosema "kitu fulani angalia kundi fulani", zinakuokoa siku nzima.

Sasa rudi kutafuta kwa namba, unaandika cpc=A47J43/25 na neno coconut, au namba peke yake kama una muda wa kupitia matokeo mengi. Ukikuta ya karibu sana angalia zilizotajwa ndani yake na zilizoitaja baadaye, hiyo njia inafichua vitu ambavyo hata namba imevikosa. Na rudia kwa kila namba uliyokopi.

Usichanganye na zile klasi 1 mpaka 45 unazoziona ukisajili alama ya biashara, huo ni mpango mwingine kabisa, na muonekano wa kitu nao una mpango wake unaitwa Locarno. Andika tarehe uliyotafuta, namba ulizotumia na hataza ulizokuta, ukienda kuomba hataza BRELA (Tanzania), KIPI (Kenya) au ukipitia ARIPO, lile shirika la miliki ubunifu la nchi za Afrika lililoko Harare, nenda na hiyo karatasi, itakusaidia hata kuandika madai yako (sehemu inayosema nini hasa ni chako) yasigongane na ya mtu.

Na ukikutana na nyaraka ya Kichina usiiruke, na za Kichina ni nyingi mno siku hizi. Namba ni ileile kwa kila lugha, Espacenet wana kitufe cha kutafsiri, na kabla hata ya tafsiri fungua michoro, maana fundi akiona meno ya mbuzi anayajua.