Kabla hujauza magazeti ya babu, yakague hivi

Gazeti la zamani halifunguliwi hewani. Lilaze mezani, mikono iwe mikavu, dirisha lifungwe. Meza yangu hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni, huwa naitandika shuka jeupe ili nione kinachodondoka. Karatasi ya gazeti ni mti uliosagwa. Asidi iliyomo huila taratibu, na jua huongeza kasi. Rangi ya njano pekee isikutishe. Likiacha chenga za kahawia kwenye shuka, hapo karatasi imeshachoka, na bei inashuka hata kama habari yake ni kubwa.

Mwezi wa pili binti mmoja wa Rau alinijia na sanduku la bati la babu yake.

"Shikamoo babu. Haya ni hela au ni ya kuwashia moto?"

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza, tuhesabu kurasa."

Hapo ndipo pa kuanzia. Karatasi moja iliyokunjwa katikati huwa na kurasa nne, kwa hiyo mtu akichomoa mbili za mbele, mbili za nyuma zinaondoka nazo. Angalia namba mpaka mwisho. Kisha chungulia kwenye mkunjo, maana ndipo linapochanika kwanza, na ukague matundu ya mende, kutu ya pini, na duara la kikombe cha chai. Ukikuta mhuri wa maktaba, uliza limetokaje huko. Lisipokuwa na maelezo, mimi silinunui.

Tarehe nayo ina ushahidi wake. Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, ulikuwa Jumamosi. Nakala ikiandika siku nyingine, iweke pembeni. Mwalimu Nyerere alifariki London Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 1999, asubuhi, hivyo magazeti yetu ya asubuhi yalibeba msiba huo kesho yake, Ijumaa. Ukitilia shaka kwamba ni fotokopi, chukua lenzi uangalie picha. Kwenye gazeti halisi la zamani utaona vidoti vilivyopangika. Kwenye fotokopi vimevimba na kushikana.

Yule binti alikuwa na nakala sita za msiba wa Mwalimu, na matumaini yake yote yalikuwa humo. Ilibidi nimweleze ukweli: siku ile kila nyumba ilinunua gazeti na kulihifadhi, kwa hiyo yapo mengi. Chini kabisa ya sanduku, likiwa limetandikwa kuzuia kutu, palikuwa na Komkya, gazeti la Wachagga lililotoka hapa hapa Moshi miaka ya 1950. Giza la sanduku lilikuwa limelitunza, kurasa zote zimo, pembe moja tu imeliwa. Magazeti ya namna hiyo yalifungia sukari, yakaivishia ndizi, yakabandikwa ukutani. Lililopona ndilo la kutafuta.

Alitaka kuiziba ile pembe kwa selotepu. Nilimshika mkono. Gundi yake hugeuka kahawia na kupenya mpaka ukurasa wa pili. Laminesheni ni mbaya zaidi. Nakala yangu ya Februari 1967, yenye Azimio la Arusha, niliipeleka duka la fotokopi ikapigwa plastiki. Mnunuzi wa Arusha aliyekuwa ameniahidi shilingi 150,000 aliipapasa, akanirudishia, akaondoka. Plastiki ile haitoki mpaka leo, na kila nikiiona roho inaniuma.

Kutunza si kazi kubwa: lilazwe bila kukunjwa zaidi, katikati ya kadibodi safi mbili, mahali pakavu penye giza, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa.

Zile za msiba nilizinunua zote sita kwa shilingi 30,000. Komkya nilikataa kuipa bei siku ile. Ukurasa wa tatu ulikuwa na picha ya wazee kwenye mkutano wa kahawa, na binti aliinama akaitazama muda mrefu, kisha akasema anaipeleka kwanza Rau kwa bibi yake, amwonyeshe yule wa pili kutoka kushoto.